Binti Yangu Anayeitwa Bibi

Kaa karibu nikueleze, mwenzangu unayelea. Binti yetu amerithi jina la marehemu mama mkwe, na hapa Nkoaranga ukoo mzima humwita bibi. Alipofikisha miaka mitatu akaniambia, "Kahawa ile niliipanda mimi. Wewe ni mkwe wangu."

Wivu ulinichoma. Nimzae mimi, marehemu amchukue?

Akaja mtafiti anayechunguza watoto wanaodai kukumbuka maisha ya zamani. Akauliza, "Nani humwambia kahawa ni yake?"

Wifi yangu akacheka. "Sisi sote! Kila asubuhi tunamwambia, 'Shikamoo bibi, shamba lako hilo!'"

"Basi siwezi kujua kama anakumbuka au amefundishwa," mtafiti akasema.

Wivu haukuisha, ila ulipungua, maana huenda maneno yale yalikuwa yetu, si ya marehemu. Mtoto wako akisema hivyo, andika siku hiyohiyo alichosema, na pembeni andika alichoambiwa na wakubwa, upate kutofautisha.