Rispa na Marobota ya Chumba cha Nyuma

Wewe ungekubali kufungwa kwa sababu ya mzigo ambao hukuwahi kuufungua?

Usijibu haraka. Rispa alijibu haraka.

Tunaishi ploti moja ya vyumba vya kupanga, mtaani Dandora. Yeye na mumewe Tobias walikuwa chumba cha kwanza, mimi niko ghorofani. Kutwa nzima Rispa alikaanga omena, dagaa wa ziwani, langoni, na kwa kuwa habanduki pale, sote tulimwachia funguo zetu. Fundi wa bomba akija, Rispa alimfungulia. Mtungi wa gesi ukiletwa, Rispa aliupokea. Hakuchungulia cha mtu. Kwake, kupekua mzigo wa jirani kulikuwa aibu sawa na kumfunulia sufuria.

Githinji, mpangaji wa chumba cha nyuma, alionekana kwa nadra. Alituambia anauza mitumba. Marobota yake yakifika, Rispa aliwafungulia wabebaji, kisha akampigia simu: "Baba, mzigo umefika." Basi, akarudi kwa omena zake.

Siku polisi walipoyapasua yale marobota, walikuta bangi. Githinji na Rispa wakashtakiwa pamoja kwa kula njama ya kulangua dawa za kulevya. Njama yenyewe ilikuwa zile simu.

Mimi na Tobias tulimpelekea Rispa chakula kituo cha polisi. Sikusomea sheria chuoni, lakini hata mtoto anajua kwamba huwezi kupanga jambo usilolijua.

"Mama Shirleen," nilimwambia, kwa jina la bintiye, "kesho ukisomewa mashtaka, kataa. Kataa kabisa, tukutafutie wakili."

"Njogu, nibishane na hakimu? Kwani tumegombania foleni ya maji?"

"Hukujua kilichomo!"

"Mlango nilifungua. Simu nilipiga. Nikikataa nitakuwa mwongo. Umesahau kesi za ploti yetu? Anayekubali hufokewa, akaomba msamaha, watu wakaenda kulala. Anayebisha ndiye anayefukuzwa."

"Mwache," Tobias akasema. "Huyu hajui uongo. Hata omena zikiwa za jana anawaambia wateja."

"Nyamaza wewe, za jana si ndizo unazokula?" Rispa alicheka. Alicheka kweli, mle mle kituoni, kwa sababu aliamini atarudi nyumbani.

Kesho yake mahakamani, Githinji aliulizwa kwanza. "Si kweli," akasema, kavu.

Rispa akashika ukingo wa kizimba. "Ni kweli, mheshimiwa. Naomba msamaha."

Akasomewa maelezo ya kesi: mlango, marobota, simu. Akaulizwa tena kama ni kweli. Akakubali tena, kwa heshima, kama anavyoitika mtu mzima akiitwa. Githinji alipata dhamana akaenda zake kungoja kesi. Rispa, aliyesema kweli, alirudishwa rumande kungoja hukumu.

Nilikasirika hata nikashindwa kula. Bado nimekasirika. Kila mtu abebe lake, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini siku ya hukumu hakuna aliyepima alichojua Rispa, walipima bangi. Kilo zote zikawa zake, kana kwamba alizilima, akazifunga, akaziuza. Hakimu alisema amezingatia kwamba ni kosa lake la kwanza na kwamba amejutia. Kisha akampa miaka kumi na mitano.

Rispa hakulia. Aligeuka kumtafuta mumewe kwenye mabenchi.

"Baba Shirleen," akauliza, "si nilikubali?"

Askari akamshika Rispa mkono, wakashuka naye.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na magurudumu ya mkokoteni uani. Githinji, bado nje kwa dhamana, alikuwa amekuja kuhama. Hakuna aliyemsalimia. Wanawake waliokuwa wakifua waliinamia mabeseni yao. Tobias alisimama mlangoni kwake na kikombe cha chai, amevaa ovaroli ya kazi yake katika serikali ya kaunti, lakini hakuwa anakwenda popote.

Githinji aliburuta kabati peke yake mpaka likakwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Akasukuma, akavuta, jasho likamtoka. Tobias akaweka kikombe chini na kumwendea. Nilishuka ngazi mbio, ngumi nimezikaza, nikijua sasa atampiga, na nikiomba anisubiri.

Tobias alimtazama Githinji usoni. Kisha akainama, akashika upande wa pili wa kabati, kama Rispa alivyopokea mzigo wa jirani yeyote.

"Inua," akamwambia.