Mpangaji wa Mama Makochi

Mama Makochi hakuwa mtu wa mbwa. Alikuwa mtu wa sponji, vitambaa na misumari midogo ambayo aliibana mdomoni huku akigonga, kiasi kwamba wateja walizoea kujibiwa kwa kutikisiwa kichwa. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Makochi ya watu yaliingia pale yamebonyea kama mashavu ya kibogoyo, yakatoka yamenona.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, nesi katika hospitali kubwa ya mjini. Alikuwa amepanga chumba karibu na kazini, lakini haikupita jioni bila kumwona mlangoni kwa mama yake, anavua viatu, anauliza kuna nini cha kula.

Ni huyo binti aliyeanza habari za mbwa.

"Mama, nyumba kubwa hii, uko peke yako. Chukua mbwa."

"Peke yangu vipi? Na wewe unayemaliza sufuria zangu kila jioni ni jini?"

Binti alicheka, lakini hakuacha. Akaleta picha kwenye simu. Akasema kuna kituo nje kidogo ya mji kinachookoa mbwa waliotelekezwa. Akasema pia asichukue mtoto wa mbwa, kwa sababu mtoto atamtafunia vitambaa. Achukue mbwa mzima, aliyetulia. Mwisho mama akachoka kukataa, wakaenda.

Kelele za pale kituoni zilitosha kumpasua mtu kichwa. Mbwa walirukia nyavu, kila mmoja akijinadi. Mmoja tu hakujisumbua, jike la rangi ya udongo, sikio moja limechanika, kajikunja kwenye kona ya mwisho kawapa mgongo.

"Huyu watu wanampita tu," alisema mhudumu wa kituo, mama mmoja mchangamfu aliyevaa buti za mpira. "Umri umekwenda kidogo. Wenyewe walihama wakamfungia uani. Majirani ndio waliomsikia akilia."

"Watu wana roho gani?" Mama Makochi alichukia papo hapo. "Unahamaje ukamwacha aliyekuzoea, bila hata ya kugeuka nyuma?"

Binti yake alikuwa ameinamia simu.

Walirudi na yule jike. Alipofika tu aliingia nyuma ya majora ya vitambaa, akagoma kutoka. Hakubweka, hakula mbele ya mtu, hakumsalimia yeyote. Mama Makochi akampa jina la Mpangaji, maana alisema amewahi kuona wapangaji wa namna hiyo: wanaingia, wanafunga mlango, husikii ila bomba la maji.

"Usimkodolee macho," binti alimfundisha. "Kaa chini, mpe mgongo, endelea na mambo yako. Atakuja mwenyewe."

Basi mama mzima, na magoti yake yale, akahamishia kazi sakafuni. Mpangaji alikojolea mto wa kochi la mwalimu mkuu, mama akaufua, akaushona upya, akamwambia mwalimu kitambaa kilichelewa. Mchana mmoja, akiwa anagonga fremu, alihisi kitu kizito na cha moto juu ya paja. Kilikuwa kidevu cha mbwa. Mama Makochi aliganda na misumari mdomoni, mate yakamjaa, akaogopa hata kuitema asije akamshtua.

Jioni ile alimsimulia binti yake kama mtu aliyejifungua. Binti alimkumbatia, akalia. Mama akaona ni furaha.

Haukupita muda, yule mhudumu wa buti za mpira akaja kumtazama mbwa, kama walivyozoea kufanya kwa kila aliyechukuliwa. Alimkuta Mama Makochi na kaka yake mkubwa, aliyekuwa ameleta kiti chake kishonwe. Mpangaji alitoka kumpokea mgeni, mkia unapepea.

"Ee, huyu kapata kwao!" mhudumu alifurahi. "Binti yako atasafiri moyo umetulia sasa. Alivyokuwa akihangaika! Kila akija kwetu ni hilo tu: nitafutieni mbwa mpole, mama asibaki peke yake nikiondoka. Au ameshakwenda?"

Nyundo ya Mama Makochi ikabaki hewani.

"Kwenda wapi?"

Mhudumu alimtazama, akamtazama na yule kaka, akatambua kwamba amemwaga mtama. Aliaga harakaharaka.

"Kaka," alisema Mama Makochi, "ulijua?"

Kaka yake alikuna ndevu. "Amepata kazi hospitali ya ng'ambo, dada. Mkataba mrefu. Aliniomba ninyamaze mpaka umzoee mbwa."

"Mpaka nimzoee mbwa."

"Alikuwa na nia njema."

"Chukua kiti chako."

"Dada, hakijaisha..."

"Kichukue hivyo hivyo."

Binti alipofika jioni, hakuulizwa amekula nini. Aliulizwa anaondoka lini. Akakaa chini, viatu bado miguuni.

"Mwisho wa mwezi huu," alisema. "Mama, nilijua ukisikia utalia. Na ukilia, sitaondoka."

"Kwa hiyo ukanitafutia wa kumlilia."

"Nilitaka uwe na mtu."

"Huyu si mtu. Mtu wangu ulikuwa wewe! Ungeniambia, ningekufungia mabegi kwa mikono yangu. Safari yako haiwezi kuniua. Lakini mlikaa, wewe na mjomba wako, mkanijadili kama kochi bovu: tuliweke wapi, tuliegemeze na nini lisianguke. Nami nikawa nakushukuru."

Binti aliomba radhi mpaka kamasi zikamtoka. Mama alikuwa ameshageukia kitambaa chake.

Asubuhi yake Mama Makochi hakuweza kumtazama Mpangaji. Kila alipomwona aliona njama. Akamfunga kamba, akakodi teksi, akamrudisha kituoni. Pale getini mbwa aliwatambua wale wenzake kwa kelele, akalala chini kifudifudi, akatetemeka mwili mzima. Hakuvuta kamba wala hakulia.

"Kakosa nini, mama?" mhudumu aliuliza kwa upole.

Mama Makochi alitafuta kosa, akalikosa.

"Hajakosa. Tulikuwa tunapita tu."

Mhudumu, Mungu ambariki, hakuuliza mtu hupita vipi mahali ambapo barabara inaishia.

Uwanja wa ndege hakwenda. Binti alikuja kuaga nyumbani, akapewa mkono na baraka, maneno yote yanayostahili, lakini kwa sauti ile ambayo mama huwapa wateja. Mpangaji ndiye aliyemsindikiza hadi nje.

Siku hizi binti hupiga simu mara kwa mara. Huanza kumuulizia mbwa, kwa kuwa huko ndiko kwepesi, na mama humweleza yote: amenenepa, amemfukuza paka wa jirani, analala kwenye makochi ya watu. Hapo hata hucheka kidogo. Kisha binti husema tena, "Mama, nisamehe."

"Nimesikia," hujibu Mama Makochi, na kumtakia kazi njema.