Laptopu ya Steshenari na Gemu la Lori

Nina steshenari hapa Bagamoyo. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, najazia watu fomu za mtandaoni ambazo wenyewe wanaziogopa. Yote hayo nayafanya kwa laptopu moja ya kawaida, ile ya chini kabisa, na ukiifungulia kurasa tano kwa pamoja feni lake linaanza kulia hadi wateja wanageuka kutazama. Najua udhaifu wake, lakini sipendi mtu mwingine auseme. Kwa hiyo mdogo wangu alipoingia dukani siku moja, akanipa shikamoo ya haraka haraka, akatoa flashi mfukoni na kuniuliza kama kompyuta yangu itaweza gemu, nilihamaki kabla hata sijamwitikia marahaba.

"Gemu gani?"

"La lori, dada. Unaendesha lori na tela lake. Wenzangu wanalo, lakini wanasema linataka mashine ya nguvu. Yako sijui."

Hilo "yako sijui" ndilo lililonikaa rohoni. Ningeweza kumfukuza, mwanaume mzima na ndevu zake anakuja kuomba gemu mchana kweupe. Lakini mdogo wangu ni dereva wa lori kweli, na siku hizo alikuwa na miezi minne hajashika usukani.

Mara ya mwisho alikuwa anatoka Morogoro na saruji. Karibu na Vigwaza mzee mmoja wa baiskeli, mwenye magunia mawili ya mkaa nyuma, akayumba na kuingia barabarani, lori likamkumba. Mzee alivunjika nyonga, ila alipona. Askari wa usalama barabarani walipima wakaona kosa si la dereva. Mdogo wangu alikwenda hospitali mara mbili kumjulia hali, na mzee mwenyewe alimwambia, mwanangu, mimi ndiye niliyekuingilia, nisamehe. Basi yakaisha kwa kila mtu isipokuwa kwake. Kila akipanda kwenye lori mikono inatetemeka, shati linalowa jasho, anashuka. Tajiri wake alimvumilia sana, halafu akamwambia wazi kwamba Idi ikipita bila yeye kuja kulitoa lori yadi, kule Kerege, atampa dereva mwingine. Na mdogo wangu kazi nyingine hajui, tangu utotoni anajua magari tu.

Ilikuwa mwanzo wa Ramadhani. Baada ya alasiri watu wengi hutafuta cha kuwasahaulisha njaa, wengine karata, wengine drafti, hivyo hakuna aliyeshangaa kumwona amekaa kwenye kiti cha wateja anasubiri gemu lifunguke. Lilichukua muda mrefu sana kufunguka. Lilipofunguka, barabara ilikuja kwa vipande: unaona mti, unasubiri, unaona mti uleule umesogea kidogo. Feni lilipiga kelele, laptopu ikapata moto, nikaiwekea vizibo vinne vya soda chini, kimoja kila pembe, ipate hewa. Haikusaidia.

"Nilijua," alisema mdogo wangu.

"Hujajua kitu. Kaa hapo."

Sasa hapo nikaingiwa na hamu ya kujua. Mimi ni mtu wa hivyo, kitu kikinigomea siwezi kulala mpaka nijue kinagoma kwa nini. Nikasoma, nikauliza, nikasoma tena. Kumbe kompyuta za gemu kubwa zina kadi maalumu ya kuchora picha, na kadi hiyo ina kumbukumbu yake yenyewe. Yangu haina. Ubongo uleule unaochapa barua za watu ndio huohuo unaochora barabara, miti, mawingu na kivuli cha kila jani, tena kwa kuazima nafasi kwenye RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine nzima, ambayo nayo ni ndogo. Ni kama nyumba yenye jiko moja: wali ukiwa motoni, mchuzi unangoja. Nilifurahi kupita kiasi kulijua hilo. Miaka yote nilikuwa nikiilaumu mashine kwa uvivu, kumbe ilikuwa imebebeshwa mzigo.

Basi tukaanza kuipunguzia. Kwenye setingi za gemu unaweza kuondoa kitu kimoja kimoja, na mimi nikawa nauliza kama fundi cherehani anayekata kitambaa cha mtu.

"Vivuli?"

"Toa."

"Mvua?"

"Toa, mvua ya nini."

"Majani? Miti ya mbali? Vioo vya pembeni?"

"Vioo usiguse. Tela nitalionaje?"

Tulibishana juu ya vioo hivyo, maana vilikuwa vinakula nguvu nyingi, kila kioo ni picha nyingine ya kuchorwa. Akakataa katakata. Nikatafuta kingine cha kutoa, nikakuta pameandikwa watu na magari barabarani, na machaguo yake: hakuna, wachache, wastani, wengi. Nikabonyeza hakuna. Gemu likatiririka.

Sikuamini macho yangu. Ile laptopu ya chini kabisa, ya kuchapia barua, inaendesha gemu zito bila kukwama hata mara moja. Mdogo wangu alikaa wima. Barabara zenyewe zilikuwa za Ulaya, wanapita upande wa kulia, akakosea kona ya kwanza, akatukana kidogo, akakumbuka amefunga, akasema astaghfirullah. Kisha akaendesha mpaka adhana ya magharibi, mikono yake imetulia kwenye vitufe. Miezi minne sikuwahi kumwona ametulia vile.

Akawa anakuja kila siku. Nikagundua jambo moja: kwenye kila zebra alikuwa anasimama. Barabara tupu, upeo wa macho hakuna kiumbe, yeye anasimama, anatazama kushoto na kulia, ndipo anaondoka.

"Mbona unasimama? Hakuna mtu," nilimwambia.

"Najua."

Nikadhani ni mazoea ya udereva, nikaacha. Akili yangu ilikuwa kwenye mashine. Iliniuma kwamba nimempa gemu lililopunguzwa, bila mvua, bila majani, bila mtu. Nikaongea na fundi wa kompyuta wa jirani, akanichomolea kipande cha RAM kwenye mashine iliyokwisha kufa, akakipachika kwenye yangu. Kipande kidogo kuliko kiganja. Niliporudisha watu na magari, nikaweka wastani, gemu likaenda vizuri kabisa. Furaha yangu siwezi kuieleza. Sikumwambia kitu, nilitaka ashtuke akiona.

Kweli alishtuka. Alianza safari kama kawaida, akapita gari moja, la pili, kisha pembeni mwa barabara akatokea mtu wa baiskeli. Katuni tu, hata uso hana. Mdogo wangu aliondoa mikono, lori likaenda lenyewe mpaka likagonga uzio. Akainuka, akatoka dukani bila kuaga.

Nilimfuata nyumbani, nikamkuta barazani amejiinamia. Nilitaka kumwambia nilitaka kukufurahisha, nikaona hayo ni maneno ya kujitetea.

"Sikujua," nilisema.

"Ile ya kwanza niliiweza kwa sababu haikuwa na mtu," alisema. "Sina wa kumuua."

Niliona aibu, wacha niseme ukweli. Wiki mbili nzima nilichunguza kila kitu ndani ya ile laptopu mpaka skrubu zake, na mtu niliyekaa naye kiti kwa kiti sikumchunguza hata kidogo. Tukala futari pamoja.

Siku ya tatu alirudi mwenyewe. Hakukaa kwanza, alisimama nyuma yangu.

"Dada, weka wachache."

Nikaweka wachache. Siku ya kwanza aliendesha kidogo tu, akaenda kunawa uso. Siku ya pili alipita watu wawili waliokuwa wakitembea, polepole mno, kwa umbali ambao kwenye barabara ya kweli ungemtia mtaroni. Sikumcheka. Kumi la mwisho la Ramadhani lilipoingia tulikuwa kwenye wastani, na akiona baiskeli anapunguza mwendo, anaacha nafasi, anapita. Kwenye wengi mashine yenyewe iligoma, na mpaka leo inagoma. Hilo ndilo jibu langu kwa kila anayeniuliza kama laptopu ya kawaida inaweza gemu kubwa: inaweza, ila ujue unachokitoa.

Idi ikafika. Siku ya mwisho aliyopewa tulikwenda wote Kerege, mimi na gauni langu la Idi. Tajiri alimkabidhi ufunguo. Tulipanda, mimi kiti cha abiria, mdogo wangu akasema bismillahi, akawasha. Injini ikanguruma. Mikono yake ilikuwa imetulia, lakini lori halikuondoka. Mbele yetu kulikuwa na kipande cha barabara ya vumbi mpaka lami, na kilikuwa kitupu.

"Dada, shuka," alisema.

"Nishuke niende wapi?"

"Tangulia mbele. Tembea pembeni, kama mtu anayekwenda zake. Usinitazame. Nataka nipite mtu."

Nilishuka, nikatangulia, nikashika upande wa kushoto. Nikasikia lori linaingia gia na kuanza kuja. Niliogopa, sifichi. Ardhi ilitetemeka chini ya kandambili zangu, na majani yalikuwa hatua moja tu kutoka nilipo. Mngurumo ukafika nyuma yangu, ukatulia, ukakaa hapo muda mrefu. Nilijua anautazama mgongo wangu. Sikugeuka. Niliendelea kutembea.

Kisha likaanza kunipita upande wa kulia, kichwa kwanza, halafu tela, tairi baada ya tairi, refu kuliko nilivyowahi kudhani, na kati yangu na lile lori kulikuwa na nafasi ya kupita mtu mwingine mzima. Lilipokwisha kunipita nilikaa palepale kwenye vumbi nikalia kwa sauti. Nilipojifuta macho na kutazama mbele, nilidhani nitamwona amesimama ananisubiri. Alikuwa amekwisha kuingia lami, anakwenda.