Ngoma Kubwa Aliyopewa Bakari

Hapa mjini, Mtawanya ninapokaa na binti yangu, jirani yetu mmoja ni kijana anauza supu. Asubuhi anawasha moto, anababua vichwa na miguu ya mbuzi, manyoya yanaungua, na ule moshi unakuja mpaka chumbani kwangu. Binti yangu anafunga dirisha. Akitoka tu, mimi nalifungua. Siku moja akanikuta nimeegemea pale nanusa, akaniuliza, "Mama, raha gani hiyo ya kunusa manyoya?" Nikacheka. Ile ndiyo harufu ya ngoma yangu.

Basi kaeni niwape. Mwandiko wangu ni wa darasa la sita mnivumilie, tena hilo la sita lenyewe sikulimaliza, na kwa nini sikulimaliza ndiyo haya ninayotaka kuwaambia.

Kwetu ni upande wa Mahurunga, kule mtoni, mihogo na mikorosho mpaka jicho lichoke. Shule yetu ilikuwa na bendi. Msifikirie bendi za siku hizi zenye vitu vinang'aa. Yetu ilikuwa filimbi za mwanzi, ngoma ndogo za kopo, na ngoma kubwa moja iliyokatwa kwenye pipa la mafuta ya taa na kuwambwa ngozi ya mbuzi huku na huku. Mkanda wake mpira wa baiskeli. Ukiivaa inakukaa tumboni kama mimba ya watoto pacha, huoni hata miguu yako, unaenda tu. Na kila asubuhi bendi ndiyo inaingiza watoto darasani, kushoto kulia, kushoto kulia, vumbi linapanda, na walimu wamesimama barazani kama wao ndio wanaopigiwa.

Mwalimu wa bendi alikuwa Mwalimu Danieli, mtu wa bara, wa kule milimani kwenye baridi. Mkristo, mpole, mrefu, akitembea shati linamtangulia. Kwetu aliogopa vitu viwili, nyoka na uraka, ile pombe ya mabibo, maana siku ya kwanza alipewa uraka akadhani ni juisi ya mabibo tu. Alikunywa kama juisi. Alilala kwenye ngazi ya ofisi mpaka watoto wakatoka darasani.

Ngoma kubwa aliwajaribu wavulana kwanza. Wanapiga kidogo, mkono unachoka, mlio unaanza kukimbia kama mbuzi kaona mvua. Mimi nilikuwa nimesimama na wenzangu tunacheka. Akaniita, "Wewe unayecheka, njoo." Nikavaa lile pipa nikapiga. Nikapiga mpaka akasema basi. Wallahi sikuona ugumu wowote. Mtoto wa kike wa kwetu anatwanga makopa ya muhogo tangu hajaota meno ya pili, watu watatu kwenye kinu kimoja, mchi wako ukichelewa unagongana na wa mama yako, na ukigongana unapigwa kofi. Mimi mdundo nilifundishwa kwa makofi.

Basi ikawa yangu. Nikawa nafika shule kabla ya wote kwa sababu ngozi ikilala usiku inanyonya umande, ukiipiga inasema bu, bu, kama papai limeanguka. Lazima uwashe makumbi ya nazi uipashe moto. Ukiisogeza sana inapasuka, ukiiweka mbali inabaki imelala. Unaigeuza, unaipapasa, manyoya yaliyobaki pembeni yanaungua, na ile harufu inatoka. Halafu unaigonga kwa kidole, na ikikujibu vizuri moyo wenyewe unacheka. Baba yangu alikuwa akipita njia ya shule anajifanya anatafuta mbuzi wake. Hatukuwa na mbuzi.

Likizo ile mimi na wenzangu tukaingia unyago. Hayo siyasemi, na nyie msiniulize. Nitawaambia tu kwamba kule ndani kuna mambo ya kina mama, na yana ngoma yake, na mwali anaapishwa kwamba yaliyo ndani yabaki ndani. Somo wangu, yaani yule mama aliyekabidhiwa kunifunda, alikuwa Binti Mfaume, mwanamke mfupi mwenye mkono mzito. Alinishika kidevu akanambia, "Mdomo ni nyumba, Dija. Usilale mlango wazi." Nikaapa. Tukatoka, mafuta yanang'aa, kanga mpya, watu wanatutupia senti, na mimi moyoni nawaza ngoma yangu shuleni, nani anaipasha moto.

Sasa Mwalimu Danieli likizo ile hakwenda kwao. Alikaa kijijini kwenye nyumba ya mwalimu, na kila jioni upepo ulikuwa unamletea mlio kutoka upande wa kina mama. Hakujua ni nini. Yeye aliona ni muziki mzuri tu. Shule zilipofunguliwa, tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja kufungua zahanati, na bendi ndiyo itampokea. Mwalimu akatukusanya, uso umemjaa furaha. Akasema, "Mwaka huu hatumpigii kushoto kulia peke yake. Mgeni lazima asikie mlio wa huku." Akainama kwenye meza, akaupiga kwa vidole.

Ulikuwa mlio wenyewe wa kule ndani. Kakosea kidogo tu. Wasichana tuliotoka ndani tukatazama chini, kila mtu na vidole vya miguu yake.

"Hadija, umeshika? Piga."

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi au hutaki?"

Nikautengeneza mkanda begani.

"Ngumu hapo iko wapi? Hii hata Bakari ataiweza." Watoto wakaangua kicheko, maana Bakari ndiye alikuwa wa mwisho kwa kila kitu, hata kwenye foleni ya uji.

Nyie fikirini. Nikipiga, nimetoa siri mbele ya wanaume na watoto ambao hawajaingia. Nikimwambia mwalimu kwa nini sipigi, hiyo hiyo ndiyo siri. Nilisimama na pipa tumboni, vijiti mkononi. Akanambia nikafikiri, kesho nije na jibu.

Nikaenda nyumbani mbio. Mama alikuwa anapepeta. Nikamwambia mwalimu anataka nipige kile kipande cha ndani. Ungo ukasimama hewani.

"Umekipiga?"

"Sijakipiga."

"Usithubutu."

"Basi nenda wewe ukamwambie achague kingine."

"Nikamwambie nini mimi? Mwanaume yule, tena wa kuja. Mwambie somo wako."

Nikamfuata Binti Mfaume. Nilimkuta kwenye mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna. Akacheka. "Mwacheni apige meza yake. Wewe shona mdomo."

"Ataninyang'anya ngoma, somo."

"Ngoma ile? Mwanangu, ile ni bati."

Kesho yake nikakataa tena. Mwalimu Danieli hakunichapa, na siku zote nimetamani angenichapa. Alininyanyulia mkanda begani kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama anamvua mgonjwa nguo. Akasema, "Mtoto anayechagua cha kupiga hafai bendi. Tangu urudi likizo umekuwa mwingine." Akamvisha Bakari. Bakari akanitazama akasema pole pole, "Dija, mimi sikuiomba." Nilimwambia kwamba ngozi ya upande wa kushoto ina kidonda, asiisogeze motoni.

Jioni baba akanikalisha. "Umevuliwa ngoma. Kisa nini?"

"Hakuna kisa, baba."

"Mwalimu anasema kiburi. Mwanangu mimi hana kiburi. Kisa nini?"

Nilimtazama mama, mama anatazama sufuria. Baba naye akamtazama mama, halafu mimi, akasema, "Nyumba hii ina jambo, na mwenye nyumba halijui." Baada ya hapo hakupita tena njia ya shule. Yule mbuzi wake wa kutafuta akawa amepotea moja kwa moja.

Ikafika siku ya mgeni. Bendi ilipangwa mbele ya zahanati mpya. Mimi nilipangwa nyuma na watoto wa kushika matawi. Gari likaja, mgeni akashuka, mnene, ana kofia. Kushoto kulia, kushoto kulia. Halafu Mwalimu Danieli akanyanyua mkono, na Bakari akakipiga.

Nilifumba macho. Nilijua sasa kina mama watapiga yowe, watajifunika, watamvamia mwalimu, na watu wote watajua kwamba Dija alikuwa na sababu. Halafu nikasikia kigelegele. Nikafumbua macho. Kigelegele cha nani? Cha Binti Mfaume. Kafunga kanga kiunoni, kasogea mbele, anacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Na wenzake wakamfuata. Na mama yangu, huyu huyu aliyeniambia nisithubutu, naye kaingia, mabega yanamcheza. Wanaume wanapiga makofi, hawajui wanapigia nini. Mgeni akafurahi akatikisa mabega na yeye, kofia ikaanguka, watu wakafa kwa kicheko. Mwalimu Danieli anafuta macho. Na mimi nyuma pale tawi limeniponyoka, vidole vyangu vinapiga kwenye paja, vinamrekebisha Bakari pale anapokosea.

Watu walipotawanyika nikamshika Binti Mfaume kanga. "Somo, mbona mmecheza?"

"Kapiga mtoto wa kiume, hajui anachopiga. Kuna ubaya gani?"

"Na mimi ningepiga?"

"Wewe unajua. Wewe ungekuwa umesema." Akanipapasa shavu. "Lakini una kifua, mwanangu. Nimewaambia wenzangu wote, mtoto huyu ana kifua."

Na kweli aliwaambia. Sifa hiyo ikavuka mashamba. Korosho za mwaka ule zilipoanza kudondoka, akaja mama mmoja kutoka kijiji cha pili, kakaa mkekani kwetu, kala ming'oko yetu, vile viazi vya porini, kasema anatafuta mke wa mwanawe na amesikia humu ndani kuna msichana anayejua kunyamaza. Baba hakubisha. Zamani angebisha. Lakini shule kwake ilishakuwa mahali walipomvua mtoto wake ngoma na hakuambiwa sababu. Mwalimu Danieli alikuja nyumbani kuuliza mbona Hadija haonekani darasani. Baba akamkaribisha maji, akamjibu, "Mwalimu, si wewe uliyesema hafai?" Yule mtu alikunywa maji yale kama dawa. Basi, asiyejua kapewa ngoma, anayejua kapewa mume.

Mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwa mbaya. Hakupenda kelele tu. Hata nikigonga mwiko kwenye sufuria alikuwa anainua kichwa.

Mama yangu kabla hajafa nilimuuliza. Nilikuwa namkanda miguu. Nikamwambia, mama, kwa nini siku ile hukwenda kwa mwalimu? Akasema, "Nilijua Binti Mfaume ataenda." Binti Mfaume naye bila shaka alijua mama ataenda. Nikamwambia, hakwenda mtu. Akasema, "Niliogopa ataniuliza kwa nini." Nikaendelea kumkanda.

Sasa sikilizeni hili la juzi. Mjukuu wangu Sharifa yuko sekondari hapa mjini, na yeye yumo kwenye bendi, na ngoma yake ni ile kubwa. Hakuna aliyemfundisha, damu tu. Ngoma zao ngozi ya plastiki, hazipashwi moto. Jumamosi moja kainamisha ndoo uani anafanya mazoezi, mimi nachambua mchele. Akaanza kipande kipya. Mkono wangu ukasimama kwenye sinia. Na yeye akaacha. Alitoka ndani likizo iliyopita, anajua. Akanitazama.

"Mwalimu mpya kakipata wapi sijui," akasema. "Anataka tukipige kwenye mahafali. Bibi, nifanyeje?"

Jumatatu nilijitanda ushungi nikaenda shuleni kwao. Njia nzima nachelewesha hatua, mzee mzima, kama naenda kuchapwa. Mwalimu mwenyewe kijana mdogo, ana simu mkononi, akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Nikamwambia, "Mwalimu, kile kipande ni cha kina mama. Tafuta kingine."

Akasema, "Ahaa. Sawa, bibi. Nilikuwa sijui, asante kwa kuniambia."

Ikawa imekwisha. Hakuuliza kwa nini. Hakuna siri iliyotoka. Akaniuliza kama nitakunywa chai, nikasema nimeshakunywa, nikaondoka. Kwenye uwanja bendi ilikuwa inajipanga, na Sharifa yumo, kavaa ngoma yake.

Nilipofika kwa yule kijana wa supu ikabidi nishike nguzo ya kibanda chake. Akaniuliza, bibi unaumwa? Nikamwambia hapana, nanusa tu. Nilikuwa nayarudia kinywani yale maneno niliyomwambia mwalimu. Hayamalizi hata pumzi. Mwanamke yeyote wa kijiji kile angeweza kuyasema akipita na ndoo yake ya maji kichwani, wala asisimame. Mimi nilikuwa mtoto, niliapishwa mdomo, sikujua kama maneno ya namna hiyo yapo. Wao walijua.

Mwalimu Danieli nilishamsamehe siku nyingi, yeye alisikia mlio mzuri tu. Bakari hana kosa. Baba yangu aliuliza akanyimwa jibu. Lakini wale mama zangu, walionipenda, walionisifia kifua, waliokwenda kucheza mbele yangu nikiwa na tawi mkononi, kila Ijumaa nawaombea dua, nawataja mmoja mmoja kwa majina yao. Dua wanapata. Msamaha bado sijawapa.