Kinga Iliyonigeuka

Nilipoanza kuvimba, watu walinipongeza. "Umenawiri, dada! Dodoma imekukubali," waliniambia ofisini, nilikokuwa mpiga taipu. Wakati huohuo viatu havikuniingia. Asubuhi vidole vilikakamaa hadi mume wangu akawa ananifunga vifungo vya blauzi. Mashavuni nilitokwa na madoa yaliyokutana juu ya pua, na mkojo wangu ulijaa povu kama maji ya kufulia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini; zahanati za binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, zikachipuka mtaa kwa mtaa pamoja na maduka ya dawa. Kila nilikoingia niliambiwa ni malaria. Nilimeza kwinini hadi masikio yakavuma. Hakuna aliyewahi kunipa kichupa nikojoe, na hilo linanichoma mpaka leo.

Kichupa nilipewa na daktari wa hospitali ya serikali, mama mmoja wa makamo. Nilikwenda na wifi yangu, dada wa mume wangu, maana miguu ilikuwa imenielemea. Daktari alipima mkojo, akatuma damu Dar es Salaam, na majibu yalipokuja akatuita wote wawili.

"Mwanangu, huu unaitwa lupasi," alisema. "Kinga ya mwili wako imechanganyikiwa. Badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia figo zako."

"Nimeupata wapi, daktari?"

"Hujaupata kwa mtu, wala humwambukizi mtu. Nakuanzishia vidonge vya kuipunguza nguvu hiyo kinga. Usiviache, hata ukijisikia nafuu."

Wifi alikuwa ameketi karibu yangu. Katika maneno yote yale alichukua moja tu: kinga. Miaka ile ukimtajia mtu kinga, alijua ni UKIMWI, basi. Kwamba yangu haikupungua bali ilizidi ukali na kunila mwenyewe, nani angesubiri kuelezwa?

Kabla ya Jumapili habari kwamba nina UKIMWI ilikuwa imefika Kizota, mume wangu alikokuwa na karakana ya kuchomelea mageti. Nilirudi kutoka kazini nikakuta nguo za binti yetu hazipo. Mume wangu alikuwa amempeleka kwa mama yake mzazi, kule Ihumwa.

"Ni kwa muda tu," alisema, macho yakiwa ukutani.

"Umemuuliza daktari?"

Alichukua funguo za karakana akatoka. Ofisini nako kikombe changu kilihamishiwa dirishani, mbali na vingine. Wakati huo ofisi ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na orodha ilipotoka, jina langu lilikuwemo. Mkuu wangu aliniambia, "Nenda ukapumzike, mama," kana kwamba ananifadhili.

Siku ile sikwenda nyumbani. Nilikwenda Kizota nikijikokota, uso umenivimba kwa vidonge. Wifi alikuwa pale karakanani, ameleta chakula cha mchana. Mafundi walizima mashine walipoona naingia.

"Wifi, rudia alichosema daktari. Hapa, mbele ya hawa."

"Wifi yangu, mimi sikusema kwa ubaya..."

"Rudia!"

"Alisema... kinga."

"Na baada ya hapo? Alisema naambukiza?"

Aliinamisha kichwa. "Hapana. Alisema huambukizi."

Nikamgeukia mume wangu. "Umesikia? Mwanangu anarudi leo. Na kesho unakwenda mwenyewe kwa daktari ukaulize. Nimechoka kuuawa na mwili wangu, halafu nizikwe na nyinyi kabla sijafa!"

Binti alirudi kabla ya giza kuingia. Kesho yake mume wangu alikwenda hospitali, na aliporudi alikaa kitandani akalia. Sikumbembeleza. Nilikuwa nimelia peke yangu vya kutosha.

Vidonge vilifanya kazi polepole. Povu likapungua, vidole vikalegea. Figo zilibaki na makovu, lakini zinachuja, na kila nikienda kliniki daktari huanza na mkojo. Kazi sikurudishiwa, nilinunua taipureta nikawa nawachapia wanafunzi karatasi zao nyumbani.

Krismasi iliyofuata wifi alikuja na kuku wawili. "Wifi, yaishe," alisema mlangoni. Niliwapokea kuku, nikamwekea kiti, nikampikia. Wifi alipoondoka, mume wangu akaniuliza kama nimemsamehe.

"Nimempikia," nilimjibu. "Kwa leo ridhika na hilo."