Namba za Marehemu Fundi

Dada yangu alipiga chapa miaka ishirini na sita katika ofisi moja, na muda wote huo hakuchelewa, hakuleta nyumbani hata kalamu ya ofisi, wala hakuuliza kwa nini. Sisi nyumbani tunamwita Katibu. Ofisi ilipofungwa, wakubwa waliondoka na magari, wa kati wakabeba viti vya kuzunguka, yeye akapewa kompyuta aliyokuwa akiitumia, kuukuu, nzito kama gunia la saruji. Aliwaandikia barua ya shukrani.

Mimi ni fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kiwanda changu. Kompyuta ilikaa juu ya meza yangu ya kukatia, nami nikahamia sakafuni na mkasi wangu. Sikulalamika. Uongo, nililalamika wiki nzima.

Miezi kumi na minne ikapita bila kazi. Dada akaanza kulala mchana, akaanza kuvaa kanga kutwa nzima. Ndipo bosi wake wa zamani alipopiga simu. Kampuni aliyohamia ilitaka mtu wa kuandika kumbukumbu za vikao kwa intaneti, akiwa kwake.

"Alhamisi saa nne kamili asubuhi uwe umeingia kikaoni, mama," alimwambia. "Wakuone unavyoandika. Kuna mwingine wanamtaka, lakini mimi nimekutaja wewe."

Siku hiyo hiyo nilimkuta akiipiga pasi blauzi yake ya kazini. Nikageukia ukutani nisije nikamlilia.

Jumatano asubuhi akaja fundi wa intaneti, mtu mzima mwenye kitambi na maneno mengi. Akafunga kisanduku ukutani, kisha akavuta waya hadi kwenye kompyuta, maana mashine ilikuwa ya zamani mno, haiwezi kunasa intaneti ya hewani. Taa zikawaka, intaneti haikuja. Akachungulia kwenye mipangilio, akacheka.

"Mama, mashine yako bado inadhani iko ofisini! Kuna namba za mtandao wa kule, mtu alizijaza kwa mkono. Hapa hazifai. Tunazifuta, halafu kisanduku chenyewe kitaipa namba."

Akazifuta. Intaneti ikaja hapo hapo. Dada akafungua barua pepe, akaukuta mwaliko wa kikao unamsubiri. Mchana alikula sahani mbili.

Alhamisi saa tatu na nusu alishakaa, blauzi imenyooka, nywele zimebanwa. Akawasha kompyuta. Hakuna mtandao. Akazima, akawasha tena. Hakuna. Nikachomoa waya, nikauchomeka, nikaupuliza kama jiko la mkaa, nikakizaba kofi kisanduku. Simu zetu zote mbili ni za vitufe, hazikuwa na msaada wowote. Saa nne ikafika, ikapita. Bosi akapiga.

"Uko wapi, mama? Watu wameshakaa."

"Naingia, bosi," alisema dada. "Naingia."

Mimi nikampigia fundi wa intaneti.

"Zile namba mmezigusa?" akauliza.

"Nani aziguse?" nilimfokea. "Hapa tuko wawili tu, na mimi hata kuiwasha siwezi!"

Nikageuka. Dada alikuwa anatazama ubavu wa kompyuta. Palikuwa na karatasi ya siku nyingi, imegeuka manjano, imebandikwa kwa selotepu: NAMBA HIZI ZISIBADILISHWE BILA IDHINI YA FUNDI MITAMBO. Chini yake, namba zenyewe.

"Nilizirudisha jana," akasema taratibu. "Ulipokwenda kununua uzi. Niliona zimeondolewa bila idhini."

"Idhini ya nani, dada? Fundi mitambo wenu si alishakufa?"

"Najua. Nilikwenda kumzika."

"Na ofisi yenyewe siku hizi ni duka la magodoro!"

"Najua."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada yangu alilisikia, akalishika miaka ishirini na sita, na sasa amevunjika yote mawili. Nilitaka kumpigia kelele, lakini nilipomwona mikono yake imetulia mapajani kama ya mtoto anayengoja viboko, nikairudisha simu sikioni.

Fundi wa intaneti akanielekeza, nikazifuta zile namba moja moja. Mtandao ukarudi saa nne na dakika arobaini. Ujumbe wa bosi ulikuwa umeshafika: yule mwingine ameingia kwa wakati, ameandika vizuri, wamemchukua. Pole sana, mama.

Dada akamjibu. Aliweka tarehe, akaweka kumbukumbu namba, akaandika Yahusu: Kutohudhuria Kikao, akaeleza kosa lake lote bila kujitetea, akamaliza na Wako mtiifu. Akasoma mara mbili kama kuna makosa ya chapa. Akaituma.

Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi na vikombe, nilimkuta ameinama, kidole kimoja kwenye ile karatasi, kingine kwenye kibodi, anazijaza zile namba upya.

"Dada, intaneti itakatika!"

"Itakatika," alikubali, akaandika ya mwisho. Kisha akauchomoa waya, akaukunja vizuri, na kuanza kunitolea vitu vyake mezani ili nikate nguo.