Kidude cha kunusa polisi kimelia kaburini

Wazee wenzangu, mimi siogopi kitu.

Uongo. Leo nimeogopa boma langu mwenyewe.

Kile kidude nilichofungiwa na fundi ndani ya dashibodi ya gari, kinachonusa mashine za polisi za kupima spidi, kutoka Kebirigo kilinyamaza njia nzima. Kikalia getini kwangu, kando ya kaburi la mke wangu, Moraa.

Nikarudi nyuma, kikanyamaza. Nikasonga mbele, kikalia.
Nywele zangu zilizobaki zikasimama.

Shemeji Kerubo, dadake marehemu, akacheka. "Si alikukataza kuingia boma mbio? Ulijifanya kiziwi!"

Chekeni tu. Mimi nimekaa hapo, injini imezimwa, nikisikiliza.

Fundi wa Nyanchwa, nilikubebea kabati ulipohama. Njoo kesho. Usikitoe. Kiongezee sauti.